Bakteria wa njano, kisu cha kuazima na sukuma zetu za magunia

Sisi watu wa Mombasa tuna tabia moja, mmea ukianza tu kukauka majani mtu hata hausogelei auangalie vizuri, moja kwa moja agroveti, "nipe dawa ya majani kukauka", na yule wa dukani naye haulizi kitu, anavuta kichupa kwenye rafu, lipa, nenda. Baada ya muda mmea umekufa na kichupa kimeisha, alafu lawama zinaenda kwa udongo, ati pwani ni mchanga mtupu na chumvi, au zinaenda kwa yule jirani aliyepita akasifu sukuma wiki bila kusema mashallah. Nshachoka na hizi stori. Kuna kundi zima la magonjwa ambayo ile dawa ya ukungu uliyouziwa haiyagusi, manake si ukungu, si wadudu, si chumvi. Ni bakteria. Na kati ya bakteria wa mimea kuna ukoo mmoja mkubwa ambao nimeufuatilia sana tangu nianze kulima sukuma kwenye magunia hapa Kisauni, wanaitwa Xanthomonas. Ukiwaotesha kwenye sahani ya maabara wanatoa madoa ya njano, yanang'aa, yana utelezi, ukiyaona bila kujua ni nini utasema ni mapambo.

Nianze na sukuma kwasababu hio ndio kila mtu anayo. Chukua jani uangalie ukingoni. Ukiona umanjano umeanzia pembeni ya jani ukaingia ndani kwa umbo la V, ncha yake imeelekea mshipa wa katikati, na vile vimishipa vidogo ndani ya huo umanjano vimegeuka vyeusi, basi hio ndio mabwana shamba wanaita blakroti, kuoza kweusi, kazi ya Xanthomonas campestris. Sio upungufu wa mbolea. Mbolea ikipungua jani la chini lote linafifia, haliwezi kukaa likachora V. Kwenye kabichi ni hivo hivo, na ukikata shina unakuta mishipa imekuwa nyeusi kwa mviringo. Wala si ugonjwa mgeni uliokuja na mbegu za sikuhizi, kuna Mmarekani anaitwa Pammel aliuandika tangu 1895 kule Iowa.

Lakini kwanini uanzie ukingoni? Hapa ndipo mimi huwa nafurahi peke yangu. Amka alfajiri, na huu unyevu wetu wa Mombasa, uangalie majani ya sukuma, utakuta vitone vya maji vimejipanga pembeni ya jani. Watu wanasema umande. Mengi ya yale maji yametoka ndani ya jani lenyewe, mizizi imesukuma maji usiku kucha na hewa imejaa unyevu, hayana pa kukaukia, basi yanatokea kwenye vitundu vidogo vilivyoko ukingoni. Jua likipanda, sehemu ya kile kitone inavutwa irudi ndani. Sasa kama kulikuwa na bakteria anaogelea kwenye kitone, keshaingia, hata hodi hakupiga. Akifika kwenye mishipa anazaana na kutoa ute mzito, ute unaziba, maji hayapiti, na ile sehemu ya jani inayotegemea mshipa huo inageuka njano kisha inakauka. Ndio maana ya V, ni ramani ya mishipa iliyozibwa.

Na huo ute usiudharau, manake kuna uwezekano umeula leo. Unaitwa zanthani. Miaka ya 1950 watafiti wa idara ya kilimo ya Marekani kwenye maabara ya Peoria, Illinois, akiwemo mwanamama mkemia Allene Jeanes, walikuwa wanatafuta kitu cha maana cha kutengeneza kutokana na sukari na bakteria, wakakutana na ute wa huyu huyu muuaji wa kabichi, wakaona kiasi kidogo tu kinafanya maji kuwa mazito na hayaachani na mafuta. 1969 serikali ya Marekani ikauruhusu kwenye chakula. Saa hii geuza chupa ya sosi, dawa ya meno, paketi ya aiskrimu, usome yale maandishi madogo, ukiona E415 ndio huyo. Bakteria wenyewe wanauliwa kwanza, unabaki ute peke yake, usianze kuniuliza kama utaota V mgongoni. Hata wachimbaji wa visima vya mafuta wanautumia kwenye tope la kuchimbia. Mimi huwa naona ni ufedhuli kidogo, kwamba kitu kilichoniulia magunia ya sukuma kinalipiwa pesa supamaketi, lakini ndio hivo.

Haya, ile rangi. Njano yao inatoka kwa kitu kinaitwa zanthomonadini, kinakaa kwenye ukuta wa nje wa bakteria, na ndani yake kuna bromini, ile ile bromini ambayo imejaa kwenye maji ya bahari. Kazi yake ni ulinzi. Bakteria anayeishi juu ya jani anapigwa na jua mchana kutwa, na jua la hapa wenyewe twalijua, mwanga ukikutana na oksijeni unaharibu utando wake, sasa hio rangi inazuia. Watafiti wamewahi kuwapokonya rangi baadhi yao kwenye maabara na wakaona wanashindwa kudumu juu ya majani. Kwahivo ile njano nzuri ya sahani ni mwavuli.

Ila sasa usije ukajifunza kwamba bila njano hakuna Xanthomonas, manake wawili wanaotuhusu sana huku pwani, wa mhogo na wa embe, wengi wao ni weupe. Hawana hio rangi kabisa. Wanaishi vizuri tu. Sijui walipatana nini na jua.

Tuje kwenye mhogo, na hapa sitaki mzaha, manake mhogo ndio sisi, mtu aende ufukweni Mama Ngina jioni apate mhogo wa kuchoma umepasuliwa, umepakwa pilipili na ndimu, na dafu pembeni, alafu mtu aniambie mambo ya mkate. Mhogo una magonjwa mengi mpaka watu wanayachanganya. Majani yakikunjamana na kuwa na mabaka ya njano na kijani, hio ni virusi vya batobato, wanasambazwa na wale vinzi weupe. Ukichimbua kiazi ukakata ukakuta ndani kuna mabaka ya kahawia makavu, wakati juu mmea ulionekana mzima, hio ni michirizi ya kahawia, virusi pia, na huku pwani imeisumbua sana Kibandameno yetu, ile aina tamu. Huyu bakteria ana sura nyingine. Jani linapata madoa yenye pembe pembe, manake yanafungiwa na mishipa, ukiliinua dhidi ya mwanga unaona doa limelowa, kama limetonwa mafuta. Kisha doa linakuwa la kahawia, jani linasinyaa lote linaning'inia kwenye kijiti chake, shina changa linatoa gundi, na ncha inaanza kufa kurudi chini. Msimu wa masika ndio unamkuta anafanya kazi, kiangazi anatulia mpaka unasahau.

Anasafiri vipi? Kwa matone ya mvua yanayoruka kutoka mmea hadi mmea, hapo ni mita chache tu. Safari ndefu tunamlipia nauli sisi. Mtu anatoka Kwale na mzigo wa vijiti vya mhogo vya kupanda, anavuka feri Likoni, anapanda matatu mpaka Kilifi, shamba lote la ndugu yake linapandwa vile vijiti, na bakteria yuko ndani ya shina amekaa zake. Kijiti kwa macho ni kizima. Ushauri unaofaa ni kukata mbegu kwenye mimea uliyoiangalia mwenyewe wakati wa mvua, majani yakiwepo, sio wakati wa kiangazi ambapo shamba lote limebaki vijiti na huwezi kujua mgonjwa ni yupi. Na ukate sehemu ya chini iliyokomaa, zile ncha laini uachane nazo. Kuna mwingine wa mhogo, Xanthomonas cassavae, huyo ni wa njano kweli, alielezewa kule Malawi, naye anatoa madoa yenye mzunguko wa njano, lakini kawaida hatembei mwili mzima wa mmea kama mwenziwe mweupe.

Embe nipite haraka. Madoa meusi yenye pembe kwenye majani, yameinuka kidogo ukipapasa. Kwenye tunda doa jeusi linapasuka kwa umbo la nyota na kutoa utomvu. Watu wanasema ni jua limeunguza au ni nzi. Nzi wa embe anatoboa na ndani unakuta funza, huyu hana funza, ni ufa na weusi. Anapenda mvua yenye upepo, manake upepo unakwaruza majani na matunda machanga na kila mkwaruzo ni mlango. Mti ulioko wazi unapigwa na upepo wa bahari moja kwa moja unaumia kuliko ule wenye kinga ya miti mingine, hio hata bila kusoma popote utaiona. Nyama ya ndani kama haijaoza kula tu, hawa hawana habari na binadamu. Kuna mmoja tu zamani alikuwa kwenye ukoo huu na anasumbua wagonjwa mahospitalini, lakini 1993 wanasayansi walimtoa wakampa ukoo wake mwingine, Stenotrophomonas, so huyo msimhesabu.

Sasa kuna kitu kimoja lazima nikiseme kabla sijafika kwenye ndizi, manake watu wanadhani bakteria ni kiumbe mjinga anayetafuna tu. Hawa wana kitu mfano wa sindano. Wanajibana na seli ya mmea, wanaichoma, wanaingiza protini zao ndani. Baadhi ya hizo protini zinakwenda mpaka kwenye kiini cha seli, zinakaa juu ya DNA ya mmea penyewe panapotakiwa, na kuwasha jeni, yaani kipande cha maelekezo ya urithi, ambayo bakteria anaitaka iwake. Wa mpunga, Xanthomonas oryzae, anawasha jeni za kutoa sukari nje ya seli. Yaani mmea unaamriwa upakue chakula, na unapakua. 2009 watafiti wa Ujerumani na Marekani wakavunja siri ya vile hizo protini zinavyosoma DNA, ikawa ni mpangilio rahisi kiasi kwamba mtu anaweza kutengeneza yake ikasoma mahali anapotaka yeye, na 2015 London mtoto mchanga mwenye saratani ya damu akatibiwa kwa seli zilizohaririwa kwa kifaa kilichotokana na hizo protini. Kutoka kwenye ugonjwa wa mpunga! Na kinga ya mpunga wenyewe, jeni moja maarufu inaitwa Xa21, ilitoka kwa mpunga pori wa Mali, ikanakiliwa 1995 kwenye maabara ya Pamela Ronald kule California. Afrika tulikuwa na dawa porini watu wanaipita tu.

Ndizi. Shemeji yangu kwao ni Busia, yeye yuko Changamwe na kazi yake, mamake ndio yuko nyumbani na migomba. Akanipigia simu usiku, "Shemeji, migomba ya mama inanyauka, watu wanasema ni Panama, nimtumie pesa ya dawa anunue?" Nikamwambia usitume kitu bado, mwambie mama akate mgomba mmoja ulioanza kuumwa, ukate shina katikati, asubiri kama robo saa, alafu akupigie picha. Na apasue ndizi moja changa pia. Manake Panama ni ukungu wa udongoni, yenyewe inaanza na majani ya zamani kuwa njano, na ukipasua shina unaona nyuzi za kahawia kuelekea wekundu, lakini hakuna kinachotoka, na ndizi yenyewe ndani haiozi. Picha ikaja. Shina lilikuwa linatoa vitone vya njano kama usaha, na ndizi ndani ina rangi ya kutu wakati nje bado kijani. Shemeji akauliza, "Sasa?" Nikamwambia, "Ile pesa ya dawa kaa nayo. Tuma ya Jik."

Huo ni mnyauko wa Xanthomonas wa migomba. Ulielezewa kwanza Ethiopia 1968, kwenye ensete, ule mmea unaofanana na mgomba ambao wenzetu wa kule wanakula kisiki chake, baadae ukaonekana kwenye ndizi zao. Ukakaa kule kule miaka mingi. 2001 ukatokea Uganda, Mukono, na hapo ndio ukaanza kutembea, Congo, Rwanda, Tanzania upande wa Kagera, na huku Kenya ukaripotiwa 2006 upande wa magharibi mpakani. Angalia njia hio, ni watu wanaokula ndizi kila siku na kupeana machipukizi kila siku.

Ugonjwa huu una milango miwili. Wa kwanza ni lile ua dume la zambarau linaloning'inia chini ya mkungu, linatoa maji matamu, nyuki na nzi wanatembelea mgomba hadi mgomba, na magamba ya ua yakidondoka yanaacha vidonda vibichi. Dawa yake ni kulivunja ua mara chana ya mwisho ikishatoka, na ulivunje kwa kijiti chenye panda, usikate na panga, manake ukikata na panga umeshaufungua mlango wa pili. Panga ndio mlango wa pili. Mtu anapogoa majani makavu kwake, anaazimwa panga na jirani, jirani anapogoa yake, panga inarudi. Kila mgomba uliokatwa umechanjwa ugonjwa. Kati ya mgomba na mgomba unatakiwa uchovye panga kwenye Jik, kikombe kimoja kwa vitano vya maji, au uipitishe kwenye moto mpaka iwe ya moto hutaki kuishika.

Na hapa nina maneno kidogo na wataalamu. Mwanzo walikuwa wanaambia wakulima wang'oe shina zima na mizizi yake, na visiki vyote, na wachimbie. Mama wa miaka sitini na kitu ang'oe kisiki cha mgomba kwa jembe? Hajaanza ameshachoka. Wengi hawakufanya, na mtu asiwaite wavivu. Baadae watafiti wakagundua kitu ambacho kingesaidia tangu siku ya kwanza, kwamba bakteria haingii machipukizi yote ya kisiki kimoja, kwahivo unaweza kukata ule mmoja unaoumwa tu, chini kabisa usawa wa ardhi, na kuendelea kukagua na kukata kila anayeonyesha dalili, na shamba likapona polepole bila kuling'oa. Hio ndio mama mkwe wa dada yangu anafanya. Kila wiki anazunguka na panga na ndoo yake.

Kule Florida, Marekani, walijifunza hili kwa gharama. Wao walikuwa na Xanthomonas wa machungwa na ndimu, anayetoa vigaga kwenye ganda. Kuanzia 1995 serikali ikaanza kukata miti, sheria ikafika kwamba mti ukiugua, kila mchungwa ulioko ndani ya futi 1,900 unakatwa, hata wa uani kwa bibi ya watu. Watu wakaenda mahakamani. Miti zaidi ya milioni 16 ikaenda. Alafu 2004 na 2005 vimbunga vikapita vikasambaza bakteria na matone kila upande, na mwanzoni mwa 2006 wakaacha, wakakubali kuishi nao. Fikiria mtu anakuja kukata ndimu yako Mombasa, ndimu ya pilau na samaki, kwasababu ya doa kwa mtu wa mtaa wa pili. Pangechimbika.

Kuna matumaini mengine kwenye ndizi. Leena Tripathi na wenzake wa IITA, taasisi ya kimataifa ya utafiti wa kilimo cha tropiki, yeye yuko hapo Nairobi, pamoja na watafiti wa Uganda, walichukua jeni kutoka pilipili hoho wakaziweka kwenye mgomba, na kwenye majaribio Uganda mingine ikahimili kabisa. Kichekesho ni kwamba pilipili hoho yenyewe inaumwa na Xanthomonas wengine, wale wa madoa ya majani, pamoja na nyanya. Ukienda soko la Kongowea utaona hoho zenye vigaga vidogo vya kahawia vimewekwa upande wa chini wa karai, ndio kazi yao.

Na dawa za kopa, zile za shaba, je? Kila mtu ananiuliza. Kopa inakaa juu ya jani na kuzuia bakteria ambaye hajaingia, akishaingia kwenye mshipa kopa haimfuati, na sehemu nyingi duniani hasa kwenye nyanya kuna ambao wameshaizoea hawafi. Nilimuuliza kijana mmoja wa duka la dawa, "Kaka, hii ni ya nini?" Akasema ukungu. "Na bakteria?" Akaangalia kichupa, akaniangalia, "Piga tu dada, itasaidia." Kwa aliyeshaingia haisaidii. Antibayotiki kuna nchi wanapuliza kwenye mashamba ya matunda, mimi naona sisi huku tusianze, tuna shida za kutosha za dawa kutofanya kazi kwa watu.

Sasa kwenye magunia yangu nafanya hivi, na sio sheria ya mtu. Simwagilii juu ya majani, namwaga kwenye lile bomba la mawe la kupitishia maji katikati ya gunia, na namwagilia asubuhi ili kama kuna kilicholowa kikauke. Jani lenye V naling'oa mchana kukavu, sigusi sukuma zikiwa zimelowa, hata kama mgeni amekuja na hakuna mboga. Lile jani silitupi chini ya gunia, maana bakteria anaishi kwenye mabaki mpaka yaoze kabisa. Baada ya sukuma kuisha gunia hilo linapata mchicha au kunde, sio kabichi wala sukuma tena. Na kisu. Hapa mtaani kuna mama wa mboga ambaye ananunua kwa kila mwenye magunia, anakuja na kisu chake asubuhi, anaanza kwa huyu anamalizia kwa yule, viganja vimelowa, kisu kimelowa, nyumba zote anazitembelea kabla ya saa mbili. Nampenda, analipa kwa wakati. Lakini kwangu nimemwekea kisu changu na beseni ya maji ya Jik, mara ya kwanza alinuna akadhani namuona mchafu, nikamuonyesha jani lenye V na mishipa nyeusi, akasema kumbe hii, hii iko kila mahali mbona. Iko kila mahali kweli mamangu.

Jambo lingine ni mbegu, manake huyu wa sukuma anakuja ndani ya mbegu, na mbegu chache tu zenye ugonjwa kwenye kitalu zinatosha kulowesha kitalu kizima. Ukinunua paketi kwa duka la kueleweka sawa, lakini kama unavuna mbegu zako au umepewa kwenye karatasi na shangazi, zipitishe kwenye maji ya moto. Nyuzi 50 za selsiasi, kabichi dakika 25, sukuma dakika 20, kwenye kitambaa chepesi kilichofungwa, unakoroga muda wote, kisha unazitumbukiza kwenye maji baridi na kuzianika kivulini. Nyuzi 50 ni 50, ukifika 55 umepika mbegu, ukiwa 45 umemuogesha bakteria. Zinapungua kuota kidogo hasa kama ni mbegu za zamani, kwahivo jaribu chache kwanza. Na kipimajoto tumia cha jikoni, kile cha keki au cha nyama, usichukue kile cha kioo cha kupimia homa cha watoto, hicho kinaishia 42 na kitapasuka ndani ya maji, na ndani kina zebaki.